Ndiyo ya Jumatatu, Wali wa Jumatano

Ijumaa jioni, Julai 2018. Bellevue, Johannesburg.

Baridi ya leo imenikausha midomo, lakini jua limewaka kutwa, nami nimerudi nyumbani nikitabasamu peke yangu mpaka mwanamke mmoja pale kwenye robot, taa za barabarani, akanitabasamia naye. Wiki yangu ya kwanza ya mafunzo kazini imekwisha.

Niko hai, na nina furaha.

Wiki iliyopita saa kama hizi nilikuwa sijui hata nivae nini. Nyumba yetu ni ya zamani, imegawanywa vyumba, na kila chumba kilinijia na ushauri wake. Da Furaha, msusi, alinivuta nywele hivi kwamba kwa siku mbili sikuweza kukunja uso hata nikitaka. Mama mdogo Zuhura, ninayekaa naye tangu nilipotoka Tanga, alisema nisikae na njaa, na nikifungua chakula nikaribishe watu, nisije nikamwaibisha.

Halafu Papa Kasongo wa chumba cha uani. Ni mtu wa Lubumbashi, mlinzi wa getini kwenye jengo la ofisi, kwa hiyo sote tulimwona ndiye mtaalamu. Ana sauti nzito ya kwaya ambayo siku hizi tunaisikia bafuni tu, maana tangu mwaka jana kila Jumapili anapangiwa kazi.

"Mutoto," aliniambia, "kule ku biro bakikuuliza kama umesikia, unasema ndiyo. Bakubwa habapendake mutu wa maulizo mingi."

Nikamwamini. Mtu kafanya kazi miaka tisa bila kufukuzwa, utaachaje kumwamini?

Jumatatu nikakutana na msimamizi wangu, Mama Gugu. Ni wa umri wa mama yangu, anatembea haraka na kuongea haraka zaidi. Kampuni ni ya bima. Akanipa malalamiko ya wateja ya miezi mitatu niyapange, yawe tayari Ijumaa saa sita kwa ajili ya kikao cha wakubwa. Akaeleza dakika kumi nzima, na nusu ya maneno yake yalikuwa vifupisho vya herufi tatu tatu ambavyo chuoni sijawahi kuvisikia. Mwisho akauliza kama nimeelewa.

Nikasema ndiyo. Tena kwa sauti.

Sikuwa nimeelewa kitu. Na Mama Gugu ndiye anayesaini daftari langu la mafunzo kila wiki. Bila saini zake chuo hakinipi cheti, na mama mdogo hajaamka alfajiri kukaanga vitumbua vya kuuza miaka yote hii ili mimi nirudi na daftari tupu.

Basi nikafanya nini? Nikapanga wateja kwa alfabeti. Jumatatu yote, Jumanne yote, nachapa majina. Mtu akipita nyuma yangu naongeza kasi. Jumanne mchana nilikwenda chooni nikalia kidogo, nakiri, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye herufi M.

Jumatano saa ya kula nikapasha wali wa nazi na kuku kwenye maikrowevu, nikakaa, nikafungua bakuli. Mama Gugu akawa anapita na kikombe chake cha chai. Mdomo wangu ukasema wenyewe, kwa Kiingereza: karibu tule.

Kwetu hiyo ni adabu tu. Unamkaribisha mtu, naye anajibu asante nimeshiba, hata kama tumbo linanguruma, kila mmoja anaendelea na yake. Mama Gugu hakuwa na habari hiyo. Alifurahi kwelikweli, akaenda kuchukua uma, akavuta kiti, akaketi mbele yangu.

Akala. Jamani, alikula! Paja la kuku nililokuwa nimelitunza nilile mwisho likaenda hivi hivi naliona.

Katikati ya wali akauliza kazi inaendaje. Neno "vizuri" lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mimi nimelelewa kwenye sinia moja na watu wengi, na mtu ninayekula naye chombo kimoja siwezi kumdanganya, chakula hakishuki. Nikaweka uma chini. Nikamwambia sijaelewa kazi tangu Jumatatu.

"Tangu Jumatatu?"

"Tangu Jumatatu, Mama."

"Sasa ulikuwa unachapa nini kwa kasi vile?"

"Majina. Kwa alfabeti."

Alinitazama, akalitazama bakuli, akacheka mpaka watu wa meza ya pili wakageuka. "Eish, mwanangu! Mimi nilipoanza nilikaa wiki nzima hivyo hivyo."

Kisha akaacha kucheka. Akasema ningemwambia Ijumaa saa sita asingekuwa na njia ya kunisaidia, na angenikasirikia kweli. Lakini leo ni Jumatano. Akachukua karatasi ya kufutia mikono akachora viduara vitatu: wanaolalamikia kucheleweshewa, wanaolalamikia kujibiwa vibaya, na wale ambao hawakuelezwa bima yao inalipia nini. Kumbe wakubwa walitaka kujua watu wanalalamikia nini. Majina hawakuyahitaji kabisa.

Dakika tano. Siku mbili za mateso, na maelezo ni ya dakika tano!

Jana niliuliza mpaka nikajionea aibu. Leo saa sita kasoro robo kazi ilikuwa mezani kwake. Alipotoka kikaoni alikuja moja kwa moja kwangu, akafungua daftari, akasaini, na kwenye nafasi ya maoni akaandika neno moja: Anauliza. Nimelisoma njia nzima.

Wewe unayesoma hapa na unaanza mafunzo yako mwezi ujao, viatu na nywele zisikutese sana. Ukiona hujaelewa, sema siku hiyohiyo, bado kazi ni mbichi. Na chakula karibisha, ila ujue kuna watakaokuja kweli.

Kilichobaki kilikuwa kumwambia Papa Kasongo. Hilo liliniogopesha kuliko Mama Gugu. Nilimkuta uani anapiga viatu brashi, nikamweleza yote, pamoja na kwamba ushauri wake nimeuacha njiani. Aliendelea na kiatu chake. Nikaanza kujilaumu, maana yeye alinipa kile kilichomweka kazini miaka tisa. Kule getini kwake labda anayeuliza hana bahati.

"Ule mama," akasema hatimaye, "hakukasirika?"

"Alicheka, Papa."

Akaendelea kupiga brashi kiatu kilekile ambacho kilishang'aa zamani.

"Basi Jumatatu na miye nitauliza shefu. Juu ya nini kila Jumapili njo miye tu ku kazi?"

Tukafanya mazoezi palepale. Mimi nikawa shefu, yaani bosi wake, nikakunja uso, siku hizi naweza. Mara ya kwanza alinong'ona. Mara ya pili akaniita bosi mara nne kabla hajafika kwenye swali. Mara ya tatu akauliza kwa ile sauti yake yenyewe, na mama mdogo akatoka jikoni na mwiko mkononi kutazama kuna nini.

Mama mdogo ameshaambiwa: Jumatatu tunataka mabakuli mawili. Moja langu na Mama Gugu, moja la Papa Kasongo na shefu wake.

Na Jumapili ya kwanza atakayoachiwa, mimi Mwislamu wa Tanga nitasimama nje ya kanisa lao nimsikilize akiimba.