Goti la Mutahi

Tetu, Jumatano, 12 Juni 1974

Mdogo wangu Mutahi,

Hujambo huko Kagio? Sisi tuko wazima. Ng'ombe wa mama amezaa ndama jike. Barua hii nimempa Wakonyo, anakuja sokoni huko kununua nyanya, maana posta ingechelewa.

Jumamosi timu yako inakuja kucheza na yangu. Nilipokuwa mchezaji, tukifungwa nilikuwa naoga na kulala. Sasa mimi ni kocha, na mwenyekiti wa kiwanda cha kahawa amesema tukifungwa tena nihame nyumba ya kiwanda. Na Kabura wangu ana mimba ya miezi minane.

Mutahi, jana nilifanya ubaya. Niliwaambia wachezaji wangu kwamba wewe ndiwe hatari, na goti lako moja ni bovu, wakugonge hapo mapema. Wakauliza ni goti lipi. Nikasema, lile analofunga bandeji. Wakacheka, na mimi nikacheka nao.

Tafadhali, sema unaumwa, usije. Lakini nakujua wewe ni kichwa ngumu, utakuja tu. Basi ukija, bandeji ifunge kwenye goti lililo zima, si lile bovu.

Ni mimi kakako,
Kihara