Jina la Duka Letu ku Internet

Papa Précieuse,

Huku Kabondo tuko wazima, mutoto ameota meno mawili. Lakini wewe unanichosha! Duka uliliandika ku internet kwa jina la marehemu papa yako, ambalo hapa hakuna anayelijua. Wateja wanatafuta "Mama Précieuse", jina wanaloniita, wanaonyeshwa duka la jirani, Clémence. Naye ananitania: "Mama, ulifunga?"

Nataka kubadilisha jina, lakini code, zile namba za kufungua, inaingia mu telefone yako, huko Goma. Tangu vita iingie nimekuomba hiyo code mara tatu, na wewe kimya.

Bon, jina la papa yako likae. Nitumie tu namba yoyote, hata ya uongo, nijue ungali muzima.

Bibi yako anayekasirika na kukungojea,
Mbambu