Moyo Uliogongwa Kiganjani

Likasi, siku ya tatu, 14 Machi 1979

Iko muzima! Tangu nilipoona damu siku ya Mungu, nilijua mimba hii ya miezi mitano nayo inatoka, kama zile mbili za mbele.

Leo mkunga wa mtaa wa Panda aliweka pembe yake ya mbao juu ya tumbo langu, akasikiliza muda mrefu, kisha akacheka.

"Moyo iko napiga, mama."

Bwana yangu Ilunga akainama naye. Mashine za kusaga mawe zimemziba masikio, hakusikia kitu. Macho yakamjaa machozi.

Mkunga akarudia kusikiliza, huku akimgongea kiganjani kwa kidole, upesi upesi.

"Ni mbio vile?" Ilunga akauliza.

"Ni vile, papa," mkunga akamjibu kwa sauti kubwa.

Bado naogopa. Lakini jioni nimetoa sufu, nimeanza kofia niliyoapa kutoifuma kabla mtoto hajalia.