Kibali cha Chakula cha Jandoni

Dada yangu mpenzi Yustina,

Kabla hujaenda mstari wa pili, nakuomba ufunge mlango. Yaliyomo humu yasimfikie mama, wala shemeji, wala wauguzi wenzako wa wodini. Ukishasoma, ichome. Karatasi hii nimeianika juani kutwa, na nimenawa kwa sabuni kabla ya kushika kalamu, kwa hiyo usiogope kuigusa.

Hamjambo huko? Mguu wa mama umepona? Mimi mwili wangu ni mzima. Hilo ndilo umwambie mama, usimwongezee jingine.

Sipo tena ofisini mjini Shangani. Ndui imeingia katika kijiji kimoja karibu na mdomo wa Ruvuma, na mimi ndiye karani niliyetumwa kusoma amri na kubaki hapa nikiwaandika watu nyumba kwa nyumba. Nalala darasani, juu ya madawati mawili. Amri ni fupi: kila mtu akae nyumbani kwake, asitoke wala asipokee mgeni, mpaka wachanjaji warudi na dawa. Walipokuja mara ya kwanza dawa iliwaishia katikati ya kijiji.

Nilipomaliza kuisoma, mama mmoja aitwaye Bi Somoe alisimama. "Karani, na mwanangu aliye jandoni atakula nini?"

Kwetu hatuna desturi hii, kwa hiyo nikueleze. Wavulana wakishatahiriwa hukaa wiki nyingi porini, kwenye banda la majani wanaloliita kumbi, pamoja na kungwi wao. Mama zao hawaruhusiwi kuwaona mpaka siku ya kutolewa. Lakini mama hao ndio wapishi, na kila siku mwanamume mmoja, mlezi, hubeba chakula kuwapelekea. Safari hii wavulana ni kumi na tisa, na hakuna hata mmoja aliyechanjwa.

Niliipitia amri tena kimoyomoyo, nikitafuta wanapotajwa. Sikuona.

"Amri haikusema, mama," nikamjibu.

"Basi sema wewe."

Nilikunja karatasi nikaingia darasani. Polisi wawili wakakaa kwenye njia ya porini, na siku mbili hakikupita chungu wala kibuyu.

Asubuhi ya siku ya tatu kungwi mwenyewe, Mzee Nangomwa, alitokea ukingoni mwa kiwanja cha shule. Alisimama mbali akaniita.

"Wewe karani! Umekula?"

"Nimekula, mzee."

"Wenzio huku wanatafuna matunda ya porini. Mmoja kidonda kimemvimba, hana nguvu hata za kulia. Hiyo amri yako imekuja kuua ndui au kuua watoto?"

Nilikaa nikafikiri amri ile ilitungwa kwa ajili ya nini. Ni kuzuia pumzi na nguo za mgonjwa zisimfikie mzima, basi. Haikutungwa ili mtu afe njaa mahali alipo. Nikaandika kibali: mlezi mmoja, mara moja kwa siku, asiingie nyumba ya mtu, aweke chungu chini ya mti wa njiani na kurudi nyuma hatua hamsini, ndipo kungwi achukue. Nikakigonga mhuri wa ofisi, ingawa sina mamlaka hayo.

Nilitaka nikalione kumbi mwenyewe. Mzee Nangomwa akaniuliza, "Wewe ulipita jando gani?" Nikasema nilitahiriwa hospitali ya misheni.

"Hospitali! Wakakulaza usingizi, wakakukata kama kibudu! Mwisho wako mtini, bwana mdogo."

Polisi walicheka hata kofia zikawaanguka. Nami nilicheka. Watoto walikula siku hiyo, na siku nne zilizofuata.

Mlezi niliyemchagua ni Saidi, mtu mpole, mwenye nguvu. Nilimuuliza analala wapi, akanionyesha nyumba, nikaiandika. Hakukuwa na mgonjwa humo wala kwa majirani. Jana nimemkuta amelala barazani, ana homa kali, anashika kiuno. Nikamuuliza alikopita. Akasema, "Nilikuwa kwa bi mdogo." Bi mdogo! Nyumba yake imepakana na nyumba ya mgonjwa wa kwanza, na wanakunywa mtungi mmoja.

"Mbona hukuniambia una nyumba mbili?"

"Hukuuliza, karani. Uliuliza nalala wapi, na zamu ile ilikuwa ya bi mkubwa."

Kijiji kizima kinajua Saidi ana wake wawili. Mimi sikufikiri kuuliza, kwa sababu baba yetu alikuwa na mlango mmoja.

Leo Bwana Afisa aliyenituma amefika kwa Landrova, amekichana kibali mbele ya watu. "Nilikupa amri uisome," akasema, "nani kakupa mhuri utunge yako?" Tukirudi mjini atanishtaki. Hayo nitayajibu. Nisiloweza kulijibu ni wale kumi na tisa. Sijui kama niliwapelekea chakula au niliwapelekea ndui.

Chakula sasa nitabeba mwenyewe. Mimi nilichanjwa, na kovu unalifahamu, maana ulinishika mkono nilipokuwa nalia. Polisi wamesema nikipita watatazama baharini. Bi Somoe aliponikabidhi chungu hakunilaumu. Alisema tu, "Karani, usikiinamishe, mchuzi utamwagika." Ningefurahi kama angenitukana.

Nisalimie mama yetu, shemeji, mjomba katekista na wadogo zetu wote. Baba mdogo akiuliza, kazi inaendelea vizuri.

Sasa nisikilize vizuri. Kama vipele vitamtoka Saidi, nitaviona mwenyewe kabla barua hii haijakufikia. Usipoteze maneno kwa hilo. Mwulize daktari wako, bila kunitaja, jambo moja: mtu ambaye ndui imo mwilini lakini hata homa haijaanza, akishika chungu, huwaambukiza wanaokula? Jibu kwa simu ya upepo, ile ya maandishi ya posta, siku hiyo hiyo. Usitume kwenye sanduku la ofisi, wanafungua. Ielekeze kwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya kijiji. Jina la kijiji nimeliandika ndani ya mkunjo wa bahasha. Dereva wa wachanjaji atanifikishia. Andika NDIYO au HAPANA, na jina lako. Iwapo ni NDIYO, itume vilevile, Dada. Usinionee huruma ukanyamaza, maana wachanjaji wakirudi na dawa kidogo, mimi ndiye nitakayeulizwa waanzie wapi, kumbini au kijijini.

Mdogo wako,
Fidelis