Kanzu ya Baba na Dumu la Mawese

Buzebazeba, Kigoma

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Mvua za huko zimeshika, au bado mnatazama mawingu tu? Mimi huku ni mzima, nakula nashiba, na tangu Ijumaa iliyopita ni mume wa mtu, alhamdulillahi. Mwanahawa, dada yangu, wewe unayemsomea mama barua hii, usiruke mistari kama kawaida yako. Akisikia neno "doa" usimwache ainuke. Msomee mpaka mwisho, mambo yaliisha vizuri.

Mama, kanzu ya marehemu baba ilinifikia salama, imefungwa ndani ya khanga yako ya bluu. Niliponusa ile khanga ilibidi nikae kitandani kwanza. Najua goti lilipokukatalia kupanda treni uliumia kuliko mimi. Ukaagiza kwamba kanzu aliyoivaa baba siku ya kukuoa ndiyo itakayosimama mahali penu wawili. Ukaagiza pia isianikwe juani, ile darizi ya shingoni isije ikapauka. Yote niliyashika moyoni.

Tatizo lilikuwa pindo, lilifumuka. Fundi ninayemwamini yuko Kasulu, na kwa kuwa lori ninaloendesha linapeleka chakula cha wakimbizi kambini, Kasulu napita kila mara. Jumatano alfajiri nikaichukua ikiwa imeshonwa vizuri, nikaifunga tena kwenye khanga yako, nikaiweka kwenye kiti cha pembeni. Hapo hapo sokoni nikanunua dumu la mawese kwa ajili ya maharage ya shughuli. Mawese ndiyo mafuta ya huku, ya michikichi, mekundu kweli kweli. Kasulu kuna baridi asubuhi, na yalikuwa yameganda kama samli. Nikajiambia, kitu kilichoganda kitamwagika vipi? Kifuniko kilikuwa kibovu, nikakiegesha tu, nikalilaza dumu kando ya kanzu ili lisirukeruke njiani. Mtoto wa Kiha wa miaka mitano asingefanya hivyo. Nilipopita Kidahwe jua lilikuwa limepanda, kabini inachoma, na mimi naimba. Nilipofika nyumbani na kufungua mlango wa pili, khanga ilikuwa chapachapa, na kanzu ina doa jekundu mapajani, upana wa sahani. Mama, nililia. Sioni aibu kukwambia.

Bi Mwajuma, mama mwenye nyumba wangu, alinikuta nimeshika birika la maji ya moto, maana ndivyo ulivyotufundisha kwa mafuta ya alizeti: maji ya moto papo hapo, kisha kivulini. Akaninyang'anya.

"Unataka kuyapika? Mawese ukiyatia moto kabla hayajakauka, yanatembea. Kaa kule."

Akamwita Mama Domitila. Huyu ni Mrundi, alivuka ziwa na wanawe wakati wa vita, anapanga chumba kinachofuata changu. Anapika sabuni na kuwauzia wavuvi wa mwalo wa Katonga. Wakakomba mafuta kwa kijiko taratibu, bila kusugua. Wakamwaga unga wa muhogo juu na chini ya doa, wakaweka pasi baridi juu yake. Unga ukanywa mpaka ukawa rangi ya chungwa, wakaukung'uta, wakaweka mwingine. Bi Mwajuma alitaka ukae mpaka jioni, Mama Domitila akasema basi utaokea mkate humo. Walibishana huku wanacheka, na mimi nimesimama na singlendi kama mgonjwa anayesubiri daktari.

Kisha Mama Domitila akapaka sabuni yake kavu kavu, akaacha ikae, ndipo akasuuza kwa maji ya uvuguvugu. Nikamuuliza sabuni yake imetengenezwa na nini.

"Mawese."

"Mnaondoa mawese kwa mawese?"

"Ego," akaitikia kwa Kirundi, yaani ndiyo. "Yanafahamiana."

Mafuta yalitoka yote, mama, kitambaa kikawa laini kama mwanzo. Lakini rangi ikabaki, manjano, inaonekana toka mlangoni. Bi Mwajuma akasema rangi ya mawese haina dawa isipokuwa jua: kesho ianikwe ikiwa mbichi, ikikauka irashiwe maji tena. Hapo nikagoma. Nikawaambia mama yangu amekataza jua.

"Uzi ukipauka kidogo nani atauona?" akasema Bi Mwajuma. "Hilo doa wataliona hata walioko kwenye mitumbwi."

Mama Domitila hakucheka. Alisema, "Mimi nilivuka na nguo moja, hii hii. Nguo ya namna hiyo huigombanishi na jua. Unaitafutia njia."

Njia niliipata mwenyewe. Alhamisi nilitandaza kanzu juu ya nyasi safi nyuma ya nyumba, nikafunika shingo na darizi yake kwa khanga yako, iliyokuwa imefuliwa harakaharaka tu, nikaliacha doa peke yake wazi. Sasa jua lenyewe ndilo likakosekana. Wingu lilitoka ziwani zito, nikala kiapo kwamba mvua ikinyesha naahirisha ndoa. Bi Mwajuma akaniambia nikiahirisha nitahama nyumba yake. Kabla ya adhuhuri wingu likasogea upande wa Kongo, jua likatoka lote. Tulikaa watatu pale tunarashia maji na kutazama, kama watu wanaochunga kuku. Manjano ikawa kivuli cha manjano. Baada ya alasiri nikaigeuza kanzu huku na huku, sikulipata doa. Darizi iko vilevile, hata uzi mmoja haukupauka. Nilimbeba Bi Mwajuma juu, mama, akanipiga kofi la mgongo.

Kwa hiyo Ijumaa nilisimama Ujiji ndani ya kanzu ya baba, nyeupe, inanitosha mabega kama ilikatwa kwa ajili yangu. Nilikuwa na furaha mpaka sikusikia swali la kadhi, ikabidi alirudie.

Lakini lililonifikisha kwenye kuandika barua hii mke wangu Zaituni ndiye aliyenisimulia, maana lilitokea kwa wanawake. Bi Mwajuma alifika kule amejitanda khanga yako, na lile doa lake kubwa mgongoni, maana ile hatukupata muda wa kuishughulikia. Mama mkwe wangu, anayependa usafi, akamuuliza kwa upole kama hakuwa na khanga nyingine ya harusini.

Bi Mwajuma akamjibu, "Ninazo. Hii ni ya mama yake bwana harusi. Goti limemzuia, ndiyo maana nimemleta begani."

Zaituni anasema mama yake alisogea, akakunjua mkeka, akaacha nafasi ya mtu mmoja kati yao wawili. Khanga ikavuliwa ikawekwa pale. Ilikaa pale mpaka wali ukaliwa.

Nisalimie mjomba mchunga ng'ombe, na shangazi wa nyumba ya pili, mwambie tabasamu lake nimelikumbuka. Shemeji, mume wa Mwanahawa, mwambie viatu alivyoniazima vilinibana lakini vilipendeza.

Khanga yako bado ina doa, mama. Zaituni anasema jua la siku moja linalimaliza. Nimemwambia asiiguse. Goti likipoa utapanda treni, utakuja kubishana naye wewe mwenyewe, kivuli au jua. Nafasi yako mkekani ipo.

Mwanao, mtiifu kwa kila jambo ila moja,
Rajabu