Bei ya Kofia

Nyange, Fakhriya nimemkosa. Nimemkosa kwa kofia! Ukishasoma kikaratasi hiki kichome.

Wajomba walikwenda kuniposea. Baba yake, Mzee Nabhan mpima karafuu, akataka nami niitwe, anipime akili. "Kanzu na kofia ni shilingi kumi na moja. Kanzu imeizidi kofia kwa shilingi kumi. Kofia bei gani?"

Nikamjibu papo hapo, tena kwa ubeti: shilingi moja! Wajomba wakashangilia.

Mzee akasema taratibu, "Hesabu tena, mwanangu."

Unanijua. Nikamtupia ubeti wa pili, kwamba malenga hafunzwi na mpima karafuu.

Mara nyuma ya pazia, Fakhriya mwenyewe:

"Bei ya kofia tuiite kitu. Kanzu ni kitu na kumi. Jumla ni vitu viwili na kumi, navyo ni kumi na moja. Basi vitu viwili ni shilingi moja. Kofia ni nusu shilingi."

Nusu shilingi, Nyange!

Mzee akamwuliza, "Unamtaka?"

"Kukosea si neno, baba. Lakini kaambiwa ahesabu tena, akakutukana. Mimi je, nitamwambia nini akanisikia?"

Alikuwa akilia, Nyange. Alikuwa akinitaka.