Ngamia Haba

Dada Mwanajuma, shikamoo. Mdogo wako ni mzima, ila yamenifika shingoni.

Tuko kando ya ziwa la jangwani, mbele ya Modogashe. Jana shemeji yako alituzungusha na gari mchana kutwa akitafuta pa kupiga hema: hapa upepo, pale miiba, kule mbali na maji. Nikachoka, nikachagua mwenyewe uwanda safi ukingoni, hauna hata kijiti. Mfugaji mmoja wa Kisomali akatukuta tunakunjua hema, akatikisa kichwa.

"Mama, ngamia haba!" akasema, akigonga ardhi kwa fimbo.

Nikamshukuru sana. Nikamwambia shemeji yako, "Umesikia Kiswahili hicho? Nani siku hizi anasema haba? Ngamia ni wachache, piga hema."

Leo asubuhi tunakunywa chai, ngamia hao wakaja kunywa maji. Msafara mzima, Dada! Hema wamelikanyaga likawa mkeka, na mmoja kaondoka na kanga uliyonipa, kaivaa kichwani kama bi harusi. Yule mfugaji yuko nyuma yao, kakasirika kunishinda.

"Wallahi nilikwambia! Ngamia haba! Haba, haba!" Na kila akisema, fimbo chini.

Ndipo nikaelewa: kwake p ni b. Hapa!

Mimi, mwalimu wa Kiswahili! Na shemeji yako tangu asubuhi ananiimbia, "Haba na haba hujaza kibaba."

Mungu akuweke, umbusu Mama. Wanafunzi wangu wasijue.

Rukia